Kukabidhi Lindo

Nilijifungua mtoto wangu wa kwanza Jumamosi, tarehe 18 Julai 2020, mjini Mbeya, mimba ikiwa na wiki 36, na ikiwa imepita miezi 16 tangu nivue kombati kwa mara ya mwisho. Nimekaa na habari hii muda mrefu kabla ya kuiandika, kwa sababu sisi wanawake tuliotumikia jeshi hatuna desturi ya kusimulia yaliyotupata akilini, na kwa sababu mwaka ule wa korona wako watu waliozika ndugu zao huku mimi nikiwa na mtoto mzima mikononi. Naiandika sasa kwa ajili ya wenzangu waliotoka kambini wakaolewa na kubeba mimba, kuanzia Mafinga hadi Kyela, ambao wanadhani kwamba kinachowaamsha usiku ni udhaifu wao wenyewe.

Jeshini nilikuwa koplo wa mawasiliano. Mwaka 2017 nilikuwa miongoni mwa askari wa Tanzania waliokuwa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika ile brigedi ya kuingilia kati ambayo Umoja wa Mataifa uliiunda mwaka 2013 kwa askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kambi yetu ya Semuliki iliposhambuliwa tarehe 7 Desemba 2017 sikuwa Semuliki. Nilikuwa kambi nyingine, nimevaa visikilizi masikioni, na niliyoyasikia usiku ule sitayaandika hapa, kwa kuwa mengine ni sauti za vijana ambao mama zao wako hai. Zaidi ya wenzetu kumi waliuawa na wengi walijeruhiwa. Siku miili ya marehemu ilipoagwa Dar es Salaam mimi nilikuwa bado kazini, nikipokea na kutuma ujumbe kwa sauti ile tuliyofundishwa, sauti isiyopanda wala kushuka. Nilitoka jeshini Machi 2019 kwa sababu ya mgongo ulioumia katika ajali ya gari. Mgongo ulipimwa, ukapigwa picha, ukaandikwa kwenye faili. Usingizi wangu haukuandikwa popote, kwa sababu hakuna aliyeuliza na mimi sikusema. Kuruta hufundishwa mapema kwamba maumivu huripotiwa yanapozuia kazi, na mimi kazi nilikuwa naifanya.

Niliolewa mwaka huo huo na dereva wa lori la mizigo la kati ya Dar es Salaam na Lusaka, tukapanga nyumba Uyole, mahali ambapo barabara ya Tukuyu na Kyela inaachana na ile iendayo Tunduma. Wazazi wangu wako Mafinga. Mama mkwe anaishi Rungwe, kwenye migomba yake na chai yake. Mwishoni mwa Desemba nilijua kwamba nina mimba, na miezi mitatu ya mwanzo ilipita kama inavyowapita wanawake wengi, kwa kichefuchefu na furaha. Tarehe 16 Machi 2020 ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana Arusha, na kesho yake shule zikaanza kufungwa.

Wasomaji walio nje ya Tanzania huenda wakadhani kwamba tulifungiwa ndani. Hatukufungiwa. Masoko yalikuwa wazi, makanisa na misikiti ilikuwa wazi, na katikati ya Aprili taifa zima liliitwa kwenye siku tatu za maombi. Daladala zilitakiwa kubeba abiria walioketi tu, na mlangoni mwa kila duka kulikuwa na ndoo ya maji tiririka na kipande cha sabuni. Upweke ulionipata mimi haukuletwa na amri ya serikali, na kwa sababu hiyo ulikuwa mgumu kuulalamikia. Uliletwa na hofu ya watu wema. Mwezi Mei Zambia ilifunga kwa muda mpaka wake wa Nakonde, maambukizi yalipoongezeka upande ule, na malori yakapanga foleni Tunduma kwa siku nyingi, mume wangu akiwa humo. Mpaka ulipofunguliwa, madereva wa malori walikuwa wameshapata sifa ya kuwa ndio wanaoleta ugonjwa. Majirani waliokuwa wakiingia kwangu bila hodi walianza kunisalimia wakiwa barabarani. Mtu akiniletea ndizi au viazi aliviacha kwenye baraza, akaniita kwa jina la mume wangu, akaondoka kabla sijatoka. Siwalaumu, maana kila mmoja alikuwa na mzee au mtoto ndani kwake. Lakini nyumba ya mjamzito ambayo watu hawaingii haina mtu wa kuona kwamba chakula cha jana bado kimefunikwa mezani.

Ishara ya kwanza niliipata chini ya blanketi. Kujifukiza kulikuwa kumeenea nchi nzima, na bibi mmoja jirani yangu, ambaye yeye hakuacha kuja, alileta majani ya mkaratusi, mlimau na mchaichai, akachemsha chungu, akanikalisha kwenye kigoda na kunifunika blanketi zito. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa saba. Giza, joto, mvuke na sauti yangu mwenyewe ya kuvuta pumzi vilinirudisha Kongo kwa ukamilifu ambao sikuwahi kuupata hata ndotoni; nilisikia redio. Nilitoka chini ya blanketi lile kwa nguvu nikapindua chungu, na bahati nzuri maji yalimwagika upande usio na mtu. Bibi aliniuliza kwa upole, “Mwanangu, umeona nini?” Nikamjibu kwamba ni joto tu. Hilo ndilo jibu nililompa kila mtu mwaka ule kwa maneno tofauti: ni joto tu, ni mgongo tu, ni uchovu wa mimba tu. Leo najua kwamba bibi yule aliniuliza swali sahihi, na kwamba laiti ningelijibu, miezi mitatu iliyofuata ingekuwa mingine.

Kliniki nilihudhuria kama kawaida. Tulikaa kwenye mabenchi kwa kuachiana nafasi, somo la asubuhi la akina mama likafupishwa ili tusikae pamoja muda mrefu, na mazungumzo ya kwenye benchi, ambayo kwa mjamzito wa kwanza ni shule kubwa kuliko lile somo, yakafa kabisa. Nilipimwa uzito, shinikizo la damu, wingi wa damu, mapigo ya moyo wa mtoto. Hakuna kisanduku kwenye kadi kinachouliza kama mama amewahi kuwa askari, wala kinachouliza analalaje.

Siku ya uchungu mume wangu alikuwa Morogoro na mzigo, nami nikaenda na bajaji pamoja na dada wa kanisani, ambaye aliachwa getini kwa sababu wasindikizaji hawakuruhusiwa kuingia. Wakunga walinihudumia vizuri, na nataka hilo lieleweke. Ila walikuwa wamefunika nyuso hadi chini ya macho, na mimi kwa miaka kadhaa usalama wangu nilikuwa nausoma kwenye uso wa mtu: mdomo unaokaza, taya linalotulia. Kwa saa 11 nilikuwa katikati ya nyuso ambazo sikuweza kuzisoma. Mtoto alizaliwa na kilo 2.3, nikafundishwa kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi kwa njia ya kangaruu, na baada ya siku tatu tukaruhusiwa.

Kwetu mzazi hakai peke yake. Anakuja mama, au mama mkwe, au shangazi, anamkanda maji ya moto, anampikia uji wa ulezi, anampokea mtoto ili alale, na hayo huendelea hadi arobaini itimie. Mama yangu ana pumu, na ndugu zangu wa Mafinga walimkataza kupanda basi. Mama mkwe alikuwa tayari, lakini wifi zangu walisema asije kwenye nyumba ya dereva mpaka hali itulie. Mume wangu aliporudi alilala chumba kingine kwa hofu ya kutuambukiza, akatuangalia akiwa mlangoni kwa siku mbili, kisha akaitwa safari nyingine, maana bila safari hakuna kodi ya nyumba. Nilibaki na mtoto, katika baridi ya Julai ya Uyole ambayo alfajiri huweka ukungu mweupe juu ya majani.

Hapo ndipo nilipoanza lindo. Sikuliita hivyo siku ya kwanza. Nilijiambia tu kwamba mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anahitaji kuangaliwa, jambo ambalo ni kweli, na kwamba korona ni ugonjwa wa pumzi, kwa hiyo pumzi zake ndizo za kuangaliwa. Kwenye kliniki tulikuwa tumeambiwa kwamba mtoto mchanga huvuta pumzi kati ya mara 30 na 60 kwa dakika. Nikachukua daftari la shule, nikachora safu, nikaweka saa ya mkononi juu ya mto. Saa 8:20 usiku, pumzi 44, shwari. Saa 8:35, pumzi 41, shwari. Saa 8:50, pumzi 52, amegeuka kushoto, shwari. Niliandika kila baada ya robo saa, usiku kucha, kwa mwandiko ule ule wa kitabu cha lindo, na mchana niliendelea kwa kila nusu saa. Mtoto alilala vizuri kuliko watoto wengi. Mimi ndiye niliyekuwa sipepesi macho. Nilipoketi nilikaa mgongo ukiwa ukutani na uso ukiwa mlangoni, na mbwa wa jirani akibweka nilikuwa nimeshasimama kabla sijajua kwamba nimesimama.

Nimefikiri sana kuhusu jambo hili, na hukumu yangu ni hii. Askari mwanamke akiingia kwenye uzazi na akili iliyojeruhiwa, ugonjwa wake unaweza kuvaa sura ya sifa. Mama anayekesha kumwangalia mtoto anasifiwa. Mama asiyeomba msaada anaitwa jasiri. Mama ambaye nyumba yake imefagiwa, nepi zake zimepangwa kwa mistari iliyonyooka, na ambaye kwenye simu anajibu “tuko salama” kwa sauti isiyotetereka, hatiliwi shaka na mtu yeyote. Mimi nilikuwa yote hayo, na nilikuwa silali zaidi ya saa moja kwa siku.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Julai ilitangazwa kwamba Rais mstaafu Benjamin Mkapa amefariki dunia. Kwa siku kadhaa redio na televisheni zote zilikuwa za maombolezo. Tarehe 29 Julai alizikwa kijijini kwake Lupaso, kwa heshima zote za kijeshi, na nyumba ya pili televisheni ilikuwa imefunguliwa kwa sauti kubwa. Mtoto alikuwa na siku 11. Ninachokumbuka ni mlio wa mzinga wa kwanza, na kinachofuata ninachokumbuka ni sakafu baridi, niko chini ya kitanda, mtoto nimemkumbatia kifuani kwa nguvu na analia, na mkono wangu umemfunika kichwa. Katikati hapo hakuna kitu. Nilipotoka nilimkagua kila kiungo, na hakuwa na jeraha lolote. Kisha nikaandika kwenye daftari: saa 8 mchana, pumzi 58, analia, shwari. Niliandika shwari. Mikono ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba neno hilo mpaka leo ni gumu kusomeka.

Kuanzia siku hiyo sikuogopa tena korona. Nilijiogopa mwenyewe. Niliacha kumwogesha mtoto kwa sababu niliona picha akilini za mambo mabaya yakimpata mikononi mwangu, picha ambazo sikuzitaka na zilizonitia kichefuchefu; nilimfuta kwa kitambaa tu. Maziwa yalipungua. Nikaanza kuamini, kwa utulivu wa kutisha, kwamba mtoto angekuwa salama zaidi kama mimi nisingekuwepo. Wazo hilo halikuja na machozi. Lilikuja kama taarifa ya redio, fupi na wazi, na kwa kuwa nilizoea kupokea taarifa na kuzitekeleza, ukubwa wa hatari niliyokuwa nayo nauelewa leo kuliko nilivyouelewa siku zile. Ikiwa anayesoma hapa amepokea taarifa ya namna hiyo, amwambie mtu leo, yeyote aliye karibu, kabla ya kuimaliza habari yangu.

Dada wa kanisani aliyeniona mara moja dirishani aliwaambia wengine kwamba huenda nimeanza kichaa cha uzazi. Neno hilo linafunga milango. Muuguzi mmoja alinieleza baadaye tofauti ambazo kila mama angepaswa kuelezwa kabla ya kujifungua. Kuna huzuni na kulialia kwa siku chache za mwanzo, ambako huwapata wazazi wengi na hupita kwenyewe ndani ya wiki mbili. Kuna sonona, ambayo haipiti kwenyewe kirahisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake 13 kati ya 100 waliojifungua hupata tatizo la akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea hufika karibu 20. Kuna kiwewe cha zamani ambacho uzazi hukiamsha. Halafu kuna kile ambacho kweli ni wazimu wa uzazi, kuona na kusikia yasiyokuwepo na kuchanganyikiwa, ambacho hupata mama mmoja au wawili kati ya 1,000 na ni dharura ya kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Sisi tumeyapa yote jina moja, la kutisha kuliko yote, na matokeo yake mwenye sonona anaficha ili asiitwe kichaa.

Nilikwenda kliniki ya siku ya 42, Jumatatu tarehe 31 Agosti, kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwenye kadi na mimi hufuata kilichoandikwa. Sikwenda kuomba msaada. Mkunga aliyekuwa zamu alikuwa kijana, anasoma shahada huku akifanya kazi, na alikuwa na karatasi ya maswali kumi kuhusu siku saba zilizopita, kipimo kilichotungwa Uskoti na kuchapishwa mwaka 1987 ambacho hutumika sehemu nyingi duniani kutambua sonona ya uzazi. Kila jibu lina alama, sifuri hadi tatu, na jumla ya juu kabisa ni 30. Aliyasoma moja moja kwa Kiswahili, bila haraka. Swali la kumi ni kama mama amewaza kujidhuru. Nilinyamaza. Yeye naye alinyamaza, akaweka kalamu chini, hakuruka kwenda kwenye uzito wa mtoto. Jumla yangu ilikuwa 21.

Akaniuliza nalala saa ngapi. Badala ya kujibu nilitoa daftari kwenye mkoba nikampa, na nadhani hilo lilikuwa jambo la kwanza la kweli nililomwambia mtu tangu Mei. Alifunua ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Nilimwona machoni, kwa kuwa macho ndiyo yaliyokuwa wazi juu ya barakoa, na kwa mara ya kwanza niliweza kusoma uso ule. Akasema, “Afande, baba yangu alikuwa askari. Kitabu cha lindo nakijua. Humu sioni sahihi ya anayepokea. Nani anapokea lindo lako?”

Sikuwa na jibu, na nililia pale kwenye kiti cha mbao mpaka mtoto akaamka.

Mkunga yule alifanya mambo matatu kabla sijaondoka, na nayataja kwa sababu hakuna hata moja lililohitaji mashine. Alimpigia simu mume wangu na kumweleza kwa lugha nyepesi kwamba mkewe anaumwa na ugonjwa una tiba. Alimpigia mama mkwe Rungwe, akamwomba aje, akamweleza namna ya kuvaa barakoa na kunawa. Na hakuniandikia tu barua ya rufaa ya kwenda kitengo cha afya ya akili. Alimwita muuguzi wa huko kwa simu na kumpa jina langu, ili nitakapofika niwe nimeshatarajiwa. Mama mkwe alifika kesho yake jioni na mkungu wa ndizi, hakusikiliza tena la wifi zangu. Nilimweleza habari ya lindo nikidhani atacheka. Hakucheka. Saa 4 usiku alikuja chumbani, akasimama, akanyoosha mikono, nikamkabidhi mtoto na daftari. Nilimfundisha kusema, “Lindo limepokelewa.” Akalisema, kisha akaongeza kwa Kinyakyusa, “Ndaga fijo,” ananishukuru mimi, kama vile ndiye niliyempa zawadi. Nililala saa tano mfululizo. Usiku ule ukurasa wa daftari hauna pumzi hata moja iliyohesabiwa, kwa kuwa hajui kuandika vizuri. Ameweka alama ya mkasi mwanzoni na nyingine mwishoni.

Tiba ilikuwa ndefu na haikwenda kwa mstari. Nilipewa dawa ya sonona iitwayo setralini, na daktari alinieleza kwamba kiasi kinachopita kwenye maziwa ya mama ni kidogo sana, hivyo niendelee kunyonyesha. Kwa mazungumzo, muuguzi alinichukua taratibu hadi kwenye usiku wa Semuliki, wiki baada ya wiki, tukiwa tumekaa kwenye benchi la nje kwa sababu ya korona, na upepo wa mlima Loleza ukitupiga. Kosa langu kubwa lilikuwa Novemba, nilipojiona nimepona nikaacha dawa bila kumwambia mtu. Januari na Februari 2021 misiba iliongezeka. Watu walisema “changamoto ya upumuaji” kwa sauti ya chini, mama yangu Mafinga akaugua kifua, na mimi nikajikuta nimerudi kwenye daftari. Safari hii mama mkwe ndiye aliyeona kwanza. Alinipeleka mwenyewe, dawa zikaanza upya.

Machi 2021 Rais John Magufuli alifariki. Nilipoisikia habari ile usiku wa tarehe 17, baada ya huzuni, jambo la pili nililofikiri ni mizinga. Nikampigia muuguzi, tukapanga. Siku ya mazishi tulizima televisheni, nikawaomba majirani wa nyumba ya pili wapunguze sauti na nikawaeleza sababu, jambo ambalo lilinigharimu ujasiri kuliko mafunzo yoyote, kisha nikambeba mtoto mgongoni tukaenda shambani Igawilo kupalilia maharage hadi jua lilipoinama. Wale majirani walipunguza sauti. Jioni mama wa nyumba ile alikuja hadi ndani, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliotangulia, akamshika mtoto.

Muuguzi wangu ndiye aliyenionyesha kwamba hali yangu ilikuwa imeshachunguzwa mahali pengine. Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu wanawake waliotumikia jeshi katika vita vya Iraq na Afghanistan ulionyesha kwamba waliopata mimba walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kuwa na sonona, wasiwasi au kiwewe, wakilinganishwa na wenzao wasiopata mimba. Mwingine wa mwaka 2014 uliangalia zaidi ya uzazi 16,000 na kukuta kwamba kiwewe kilichokuwa hai katika mwaka wa kabla ya kujifungua kiliongeza kwa asilimia 35 hatari ya uchungu kuanza kabla ya wakati. Siwezi kusema kwamba wiki 36 za mwanangu zilitokana na hilo, lakini niliposoma niliacha kujilaumu kwa kuinua ndoo. Idara yao ya maveterani ina waratibu wa uzazi ambao kazi yao ni kumpigia simu mama aliyekuwa askari, tangu mimba hadi baada ya kujifungua, na mwaka 2023 muda huo uliongezwa kutoka wiki 8 hadi miezi 12. Nao pia janga liliwagusa: miadi mingi ilihamia kwenye simu na video, na hospitali nyingi zikapunguza wasindikizaji. Lakini simu ilikuwa inalia. Mtu fulani alikuwa na orodha, na jina la mama lilikuwa kwenye orodha hiyo.

Sisi hatuna fedha zao, na sidai tuwe nazo. Nadai swali moja kwenye kadi ya kliniki: je, umewahi kutumikia jeshi, mgambo, polisi au magereza? Na la pili likifuata: usiku unalala? Mkunga aliyenisaidia hakuwa na zaidi ya hayo na simu yake ya mkononi, na salio lilikuwa lake.

Baada ya mtoto kutimiza mwaka nilianza kuwatafuta wenzangu niliokuwa nao kambini, kwa namba za zamani. Wengine walibadilisha namba, wengine walinijibu kwamba wako salama, kwa sauti ile ninayoifahamu, nami nikawa napiga tena wiki inayofuata. Mmoja tulikuwa naye kwenye chumba cha redio Kongo. Sasa anaishi Njombe, na nilipompata alikuwa na mtoto wa wiki tano. Aliniambia kwamba mtoto hajambo, mume hajambo, baridi ni kali lakini kuni zipo. Nikamwuliza nani anapokea lindo lake usiku. Simu ikawa kimya. Kukaa na kimya cha redio ni kazi niliyofundishwa: huzungumzi juu yake, hukati. Nikavuta kigoda karibu na dirisha, mwanangu akiwa ananivuta gauni, nikaendelea kusikiliza pumzi za mwenzangu mpaka aliposema jina langu.